Injini Iliyouzwa Baada ya Ibada

Kaka yangu ndiye aliyeiponza bei ya gari la baba, na aliiponza kwa kujisifu. Mnunuzi alikuja kulitazama Njiro, nyumbani kwa kaka, Jumamosi moja asubuhi. Hata chai haijamiminwa, kaka alikwisha kufungua boneti na kusimama kando yake kwa fahari ya mzazi ambaye mwanawe ameitwa jukwaani kupokea zawadi.

"Hii siyo ile injini ya zamani, mzee," alisema. "Ile baba aliitoa. Hii ni ya Kijapani, ya dizeli. Inapanda mlima na mzigo wake wote na wala haihemi."

Mnunuzi aliinama akachungulia. Alikuwa mzee mstaafu aliyeishi kando ya barabara ya Moshi, mpole, mwenye viatu vilivyong'arishwa, na alikuwa na banda zima la magari ya zamani ambayo aliyafuta vumbi kila siku na kuyaendesha mara chache. Mfanyakazi mwenzake kaka ndiye aliyemwambia kwamba kuna landrova la marehemu mahali fulani, bodi nzima, rangi ya kwanza. Alitoa tochi mfukoni akamulika ubavu wa injini, akaisoma kadi ya gari, akamulika tena. Kisha akajinyoosha taratibu, na uso wake ukawa wa mtu aliyealikwa pilau akakuta nyama imekwisha.

"Ya kwake iko wapi?" aliuliza.

Kaka hakuelewa swali. Akaanza upya kusifia ile ya Kijapani, jinsi isivyokunywa mafuta, jinsi spea zake zinavyopatikana hata Jumapili. Kadiri alivyosifia ndivyo mzee alivyozidi kusikitika. Mimi nilikuwa nimekaa barazani na kikombe mkononi, na sikujisumbua kuficha furaha yangu. Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa, nami nilikuwa nauona ukifanya kazi hiyo mchana kweupe.

"Ndugu yangu," mzee alimwambia mwishowe, "kwa mtu anayetaka kubeba ndizi, baba yenu aliliongezea gari hili thamani. Kwa mtu kama mimi aliipunguza. Gari la zamani likiwa na chesisi yake, bodi yake na injini lililotoka nayo kiwandani, namba zikisoma sawa na kadi, hicho ni kitu kimoja, na hakitengenezwi tena. Ukiweka injini nyingine linabaki gari zuri. Lakini si lile."

Akataja bei ambayo angelipa kwa gari kama lilivyo. Ilikuwa chini ya nusu ya ile waliyoizungumza kwenye simu, na kaka aliketi juu ya ngazi ya baraza bila kupangusa vumbi.

Hapo ndipo nilipocheka, maana kwetu hapa mambo ni kinyume kabisa. Pita gereji yoyote ya Arusha useme unauza landrova lenye injini yake ya tangu zamani. Mafundi watakupa pole. Watakuuliza kama linawaka kwa kusukumwa au kwa maombi. Lakini sema lina injini ya Kijapani, na hapo hapo watu wataanza kupiga simu kwa shemeji zao. Kaka alikuwa amelisifia gari kwa lugha ya gereji mbele ya mtu aliyetoka nchi nyingine ya mawazo. Kosa hilo angelifanya mtu yeyote wa kwetu.

Lazima niseme kwa nini nilifurahi. Baba alifariki mwaka uliotangulia, ukoo ukakaa, kaka akawa msimamizi wa mirathi kama ilivyo haki ya mzaliwa wa kwanza. Tuko wawili tu. Shamba la kahawa na migomba likabaki kwa mama, ambaye yupo juu kule mlimani hadi leo, na gari likabaki kwa muda mikononi mwangu, kwa kuwa ndimi pekee niliyeweza kulipigisha gia bila kulifanya lipige kelele. Mimi naishi Lemara na nina duka la vitambaa mjini. Kila Jumapili asubuhi nililiwasha, majirani wakalalamika kwa moshi, nikapanda mlimani kumchukua mama kumpeleka ibadani. Baada ya ibada nilikaa naye hadi jioni. Tulimenya ndizi, tulisengenya kidogo, tulinyamaza pamoja.

Njia ya kwetu ni ya udongo mwekundu, na masika yakianza magari ya kawaida yanaishia kwenye lami. Bodaboda zinapanda, lakini mama alikataa katakata. Alisema hawezi kwenda nyumba ya Mungu amekumbatia mgongo wa mwanamume asiyemjua. Kwa hiyo bila landrova hakuna Jumapili, na bila Jumapili sijui ningekuwa mtu wa namna gani. Hasira zangu zinajulikana hadi sokoni. Siku moja ya juma ndiyo iliyokuwa ikizipooza.

Kaka alikuwa na mpango wake, na kwa haki yake, haukuwa mpango wa mtu mbaya. Gari liuzwe kwa bei nzuri, mimi ninunuliwe kigari kidogo cha mjini, na mama ahamie Njiro kwenye chumba chenye choo cha ndani. "Anazeeka," aliniambia. "Siku akianguka kule migombani nani atamsikia?" Nilimjibu kwamba Njiro ataangukia vigae na hatasikiwa vilevile, maana nyumba nzima iko kazini na shuleni. Lakini uamuzi ulikuwa wake. Silaha yangu ilikuwa mdomo tu, na alikwisha kuuzoea.

Ndiyo maana bei ilipoanguka, moyo wangu ulipanda. Kwa bei ile kaka asingeuza. Ni mtu anayeona aibu kushindwa biashara. Nilikuwa nimeshaanza kumkaribisha mzee chai kwa ukarimu wa mshindi, aliporudia swali lake.

"Ile injini ya kwanza, aliiuza?"

"Hapana," kaka alijibu, bado ameinamia viatu vyake. "Inasaga mahindi."

"Bado inafanya kazi?"

"Kila siku isipokuwa Jumapili."

Mzee aliweka kikombe chini. Akasema kama injini ile ingepatikana, ikarudi mahali pake na namba zikalingana na kadi, angelipa ile bei ya kwanza na kuongeza. Furaha yangu haikuwa imemaliza hata kikombe kimoja.

Habari za injini ile kila mtu wa kwetu anazijua. Miaka ya mwisho ilikuwa imechoka kupanda. Mlima ukizidi, baba aliwashusha abiria wakatembea, na mara moja akina mama wa kanisa walilisukuma gari wakiwa na nguo zao za kwaya. Baba aliona haya. Akapata injini ya pikapu iliyopinduka, fundi akaifunga, na ile ya zamani ikafanyiwa matengenezo ikalala stoo juu ya magunia. Jumapili ya mavuno ilipofika, watu walipokuwa wakipeleka mahindi, kuku na mikungu ya ndizi, baba alipakia injini na kuipeleka kanisani kuwa sadaka yake. Alisema injini nayo ni mavuno, imemlimia miaka mingi.

Kwetu sadaka ya vitu haiwekwi ghalani. Ibada ikiisha, vitu vyote vinatolewa uani na kunadiwa hapo hapo, mzee wa kanisa akipaza sauti, na fedha zinaingia kwenye kazi za usharika. Siku ile akina mama walichanga wakainunua injini kwa umoja wao, wakaijengea kibanda ng'ambo ya ua wa kanisa, wakaifunga kwenye kinu. Mama alikuwa mmoja wao. Tangu hapo unga wa kijiji kizima umepita pale.

Juma lililofuata niliwapandisha kaka na mnunuzi kwenda kuiona. Sikutaka kwenda, ila sikutaka pia wazungumze bila mimi. Tulikuta kinu kikinguruma na mama amekaa kwenye benchi na akina mama wenzake, kila mmoja na debe lake, wakingoja zamu. Mzee alimpa shikamoo kwa mikono miwili.

"Marahaba, baba. Karibu. Usiegemee hapo, utakuwa mweupe."

Walipoizima injini, mzee alitoa leso safi, akapiga magoti na viatu vyake vile vilivyong'arishwa, akafuta mafuta na unga uliogandamana ubavuni mwa injini. Namba ikajitokeza. Akaisoma kwa sauti, akaisoma kwenye kadi, zikawa sawa. Alikaa palepale chini kwa muda, mkono juu ya chuma kilichokuwa bado na moto. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia na nikashindwa. Mtu anayefurahi namna ile hachukiki kirahisi.

Akasimama, akawaeleza akina mama kwamba angewaletea mota mpya ya umeme, isiyo na moshi wala kelele, na fedha juu yake, wampe injini ile kuukuu. Kaka alitafsiri kwa Kimeru kwa ajili ya wawili waliotaka kusikia mara mbili.

"Na umeme ukikatika?" aliuliza mwenyekiti wao, mama mnene mwenye sauti ya kuamuru. "Tutasaga kwa meno?"

Wengine walicheka, lakini mota iliwavutia, niliona wanavyotazamana. Moshi wa injini unakohoza, na kuiwasha injini ile kunataka mkono wa mwanamume. Walisogea pembeni wakanong'onezana. Mama hakusogea. Alikaa na debe lake akiondoa punje mbovu moja moja.

Mwenyekiti alirudi na jibu. "Injini hii ni mali ya mavuno. Ilikuja kwetu kwa mnada, mbele ya watu. Ikitoka, itatoka vilevile. Jumapili ya mavuno imekaribia. Tutaitoa uani, na anayeitaka apande bei kama wengine. Ukiipata, mzee, ni yako, na sisi hizo fedha tutajua la kufanya."

Mzee alikubali bila shaka yoyote. Ni nani mlimani kwetu angeshindana naye? Kaka alikubali kwa mikono miwili. Mimi niliwarudisha mjini nikiwapitisha kwenye kila shimo ninalolijua.

Kwa siku zile mpaka mavuno mimi na kaka tulizungumza kwa simu kama watu wanaorushiana mawe. Nilimwambia anauza Jumapili za mama. Aliniambia nalililia gari na kumsingizia mama. Hilo lilinichoma, kwa kuwa halikuwa uongo mtupu. Jumapili iliyofuata nilipanda kwa mama na nikamweleza yote: bei ya kwanza, bei ilivyoanguka, bei ilivyopanda kwa sababu ya injini. Nilitaka akasirike. Nilitaka aseme neno moja ambalo ningelibeba mpaka Njiro nikalitue mezani kwa kaka.

"Ehe," alisema, akiendelea kumkatia ng'ombe majani.

Ana ng'ombe mmoja tu, wa bandani, mweusi mwenye doa jeupe la paji la uso. Humwongelesha asubuhi kabla hajaongea na mtu. Kaka alikuwa ameshamwambia kwamba Njiro hakuna pa kumweka, na mama alikuwa amejibu "ehe" vilevile. Kisha akaniuliza swali moja tu kuhusu mambo yote yale: "Huyo mzee ana mke?" Nilisema sijui. Akasema aonekana ana mke, leso yake ilipigwa pasi.

Nilishuka jioni ile nimekata tamaa. Nilidhani amekubali. Nilidhani uzee ndio umemfanya aache mambo yapite.

Jumapili ya mavuno ilikuwa ya jua. Mlima ulikuwa wazi hadi kileleni, na ua wa kanisa ulijaa mahindi, maharage, kahawa, mikungu, mbuzi wawili na kuku waliofungwa miguu. Injini waliiburuta kwa magogo wakaiweka katikati, juu ya majani ya migomba, imefutwa ikang'aa. Kaka alifika na mnunuzi, akiwa amevaa suti. Ilikuwa miaka mingi hajahudhuria mavuno. Hutuma sadaka yake kwa simu, nono na kwa wakati, na watu walimsalimia kama mgeni wa heshima.

Mnada ulianza na vitu vidogo. Kwetu kuna mtindo: ukinunua kitu unaweza kukirudisha, kikanadiwa tena, kikapata fedha nyingine, na mtu mwingine akakirudisha pia. Mayai yaleyale huweza kuuzwa mpaka mwenye kuku ayaonee huruma. Mnunuzi wetu alipata mkungu wa ndizi, akapigiwa makofi, akaushika mkononi akitabasamu. Makofi hayakuisha. Watu walimtazama, naye aliwatazama. Kaka ilibidi amnong'oneze. Akacheka, akaurudisha, shangwe zikapanda, akaununua tena. Nilimwona ameupenda mchezo, nami nikazidi kununa.

Ndipo mzee wa kanisa akaenda kusimama kando ya injini.

"Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri," alianza, kama anavyoanza kila mwaka. "Hii mnaijua. Imewalisha. Nani anaanza?"

Mwalimu mmoja alitaja bei ya utani. Mnunuzi akataja yake. Ilikuwa bei ya kweli, ya mtu aliyekuja kuchukua. Mwenyekiti wa akina mama aliwatazama wenzake. Wengine walikwisha kuanza kuiona ile mota. Mzee wa kanisa akainua mkono.

"Mara ya kwanza!"

"Ng'ombe," alisema mama.

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, safu ya mbele ya akina mama, mkoba wake magotini. Hakupaza sauti. Mzee wa kanisa aliinama.

"Umesema, mama?"

"Nimesema ng'ombe. Yule wangu. Ana mimba."

Sasa, si sheria popote kwamba mtu asipande juu ya bei ya mjane. Lakini kwetu mwanamke mzee akitoa ng'ombe wake wa pekee mbele ya kanisa, anayempandia juu itabidi ahame. Sisi sote tulilijua hilo bila kuambiwa. Mnunuzi hakulijua. Alikuwa anapiga hesabu ya haki kabisa kichwani: ng'ombe mmoja mwenye mimba, bei yake inajulikana, na yeye alikuwa na zaidi mfukoni. Nilimwona akifungua mdomo na mkono wake ukipanda.

Kaka aliudaka. Aliushika kwenye kiwiko akaushusha, mbele ya watu wote, na suti yake ile.

"Usipande, mzee."

"Lakini ninazo," mzee alisema, akimshangaa.

"Najua unazo. Usipande."

Mzee wa kanisa alihesabu mara ya pili na ya tatu polepole, akimtazama kaka, naye kaka akitazama chini. Kisha akapiga makofi. Injini ilikuwa ya mama.

"Unaichukua au unairudisha?" alimuuliza.

"Nitaibebaje?" mama alisema. "Ikae ilipo. Kesho nina mahindi."

Ua ulipasuka kwa kicheko na vigelegele, na hata wale walioitamani mota walicheka. Mimi sikucheka. Nililia, na sikuona haya. Nilikuwa nimemtazama kaka kwa miezi yote ile kama mtu anayeuza kila kitu, na hapo nilimwona akikataa kuuza kitu cha thamani kubwa kuliko vyote alivyowahi kuuza, kwa mkono wake mwenyewe.

Ng'ombe sasa alikuwa wa kanisa. Mzee wa kanisa alipotangaza kwamba ataletwa siku nyingine anadiwe, kaka alisema hakuna haja ya kumsumbua mnyama. Akamnunua palepale, akamrudisha kwa mwenyewe. Kwa hiyo ng'ombe aliuzwa, akanunuliwa na akarudi nyumbani huku yeye yupo bandani anacheua, hana habari.

Mnunuzi alikuja kumuaga mama, mkungu wake begani.

"Mama, ningejua ningekaa kimya."

"Ungejua ungekuwa wa hapa," mama alimjibu. "Ndizi hizo zinataka kuiva kidogo. Mwambie mama asizipike kesho."

Akacheka, akasema kweli mkewe ana haraka. Kwa kaka alinong'ona kwamba angelichukua gari hata kama lilivyo, kwa ile bei ya chini, maana amelizoea. Kaka akamwambia haliuzwi tena. Waliagana vizuri. Nilisikia baadaye kwamba alipata jingine, lenye injini yake, na kwamba haliwaki.

Tulimrudisha mama nyumbani kwa landrova. Mama alikaa mbele, mimi niliendesha, na kaka alipanda nyuma kwenye benchi la pembeni, magoti yakigusa mapande ya miwa tuliyopewa. Alikuwa hajakaa pale tangu tukiwa watoto. Alivumilia mpaka kona ya kwanza.

"Mama, si ungetuambia tu kwamba hutaki gari liuzwe? Ng'ombe mzima!"

Mama alijigeuza kidogo.

"Mlikuja mkaniambia bei," alisema. "Mkaniambia imeshuka. Mkaniambia imepanda. Mliniuliza lini?"

Injini ya Kijapani ilinguruma, tukapanda. Mimi niliona fimbo ile imenipata na mimi pia, na nikashika usukani vizuri.

"Haya," kaka alisema kule nyuma. "Nakuuliza sasa. Unataka nini, mama?"

Nililijua jibu. Nilijua atasema anataka gari libaki, anataka Jumapili zake, anataka binti yake. Nilianza hata kuuandaa uso wangu usionyeshe ushindi kupita kiasi.

"Nataka uwe unakuja kunichukua wewe," alisema. "Dada yako namwona kila wiki."

Sitadanganya, iliniuma. Nilikuwa nimelipigania lile gari kwa meno na kucha, nikidhani nalipigania kwa ajili yetu wawili, kumbe mama alikuwa ametoa ng'ombe kwa ajili ya mtu aliyekaa nyuma. Nilibadilisha gia kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Nilimwona kaka kwenye kioo akitazama nje, migomba ikipita, na alikuwa anaifuta miwani yake kwa tai.

Jumapili iliyofuata alifika Lemara mapema, bila suti, akaomba funguo. Mama hakuwa amesema nisije, kwa hiyo nilipanda nyuma, kwenye benchi, na sikufungua mdomo hata alipoiparuza gia ya pili mara tatu kabla hatujatoka mtaani. Kwa mtu wa hulka yangu hiyo ni sadaka. Mlimani mama alipanda mbele, akaweka mkoba magotini, akamwambia, "Taratibu, baba, barabara haina pa kwenda." Akaenda taratibu kweli. Watoto waliokwenda shule ya Jumapili walitupita kwa miguu.

Kanisani kaka alizunguka akamfungulia mlango, na mama akamshika mkono, wakaenda mbele yangu kwa mwendo wao wa pole. Kila aliyemsalimia, mama alimwambia, "Leo nimeletwa na mwanangu," ingawa hakuna asiyemjua. Alimwambia mwenyekiti, alimwambia mwalimu, alimwambia hata mchungaji aliyembatiza kaka. Mimi nilishuka kwa mlango wa nyuma, nikafunga milango yote, nikabaki nimesimama kidogo pale uani nikiwatazama, na nikaona kwamba nimefurahi.